Kufika Saint-Jean-Pied-de-Port: upitie Paris, Biarritz, Madrid au Bilbao?

Wengi wanaopanga kutembea Njia ya Mtakatifu Yakobo, hija ya miguu hadi Santiago de Compostela, Hispania, huanza kwa kuuliza uwanja wa ndege ulio karibu na Saint-Jean-Pied-de-Port ni upi. Mji huo mdogo wa Ufaransa, chini ya milima ya Pirenei, ndipo Camino Francés, moja ya matawi ya njia hiyo, huanzia kwa wale wanaotaka kuitembea yote, takriban kilomita 780 hadi Santiago de Compostela. Jibu la swali lao ni Biarritz. Ni jibu sahihi, lakini mtu anayetoka Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali anaweza kulifuata, akalipa nauli kubwa, na bado akashindwa kulala Saint-Jean siku hiyo.

Umbali wa uwanja si jambo la kwanza la kupima. Pima kwanza kipande cha mwisho cha safari, kile ambacho hakuna shirika la ndege litakalokuuzia, kisha urudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni kwako.

Milango miwili

Kwa usafiri wa umma, Saint-Jean unaingia kwa treni kutoka Bayonne au kwa basi kutoka Pamplona. Mengine yote ni njia za kufikia mojawapo ya miji hiyo miwili.

Treni ya Bayonne ni ile ndogo ya mkoa, TER. Inafuata mto Nive bondeni, inapita Cambo-les-Bains, na baada ya saa moja hivi inakushusha mwisho wa reli. Nauli ni yuro 10 hivi, haipandi hata ukinunua dakika za mwisho, wala huhitaji kuweka nafasi. Ubaya wake ni kwamba safari ni chache kwa siku, na ya mwisho huondoka jioni mapema. Anayeingia Bayonne usiku analala Bayonne, hakuna namna. Siku nyingine reli hufungwa kwa matengenezo na SNCF, shirika la reli la Ufaransa, huweka basi badala ya treni. Basi hilo husimama nje ya stesheni, kwa hiyo usikae ndani ukikodolea macho ubao wa majukwaa.

Basi la Pamplona linaendeshwa na ALSA na huondoka kwenye kituo cha mabasi kilichojengwa chini ya ardhi, kando ya ngome ya Ciudadela. Linavuka milima kuingia Ufaransa kwa muda unaokaribia saa mbili, na nauli ni kama yuro 20. Hili lazima uweke nafasi, kwa sababu mahujaji hulijaza. Tena ni la msimu: linaanza majira ya kuchipua na kukoma mwezi wa kumi hivi. Nje ya msimu huo, anayeshukia Pamplona hubaki na teksi ya zaidi ya yuro 100, labda apate wenzake wa kuchangia.

Kwa hiyo mwezi wa safari unakuchagulia mlango hata kabla hujaangalia ndege. Ukienda kati ya Novemba na Machi, panga kupitia Bayonne. Katika miezi hiyo hiyo, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, njia ya juu ya milima inayoitwa ya Napoleon hufungwa, na mahujaji wote hupita Valcarlos, bondeni. Ukienda kati ya Mei na Septemba milango yote miwili iko wazi, na hapo ndipo kuna jambo la kulinganisha.

Makadirio yangu haya ni ya kuanzia unapotoka nje ya uwanja, bila kuhesabu foleni ya uhamiaji:

| Unatua | Unavyofika Saint-Jean | Muda pamoja na kusubiri | Nauli ya nchi kavu |
|---|---|---|---|
| Biarritz | basi la mjini, kisha treni ya Bayonne | saa 2 hadi 4 | yuro 15 hivi |
| Paris, Charles de Gaulle | RER (treni ya jiji) na metro, TGV (treni ya kasi), treni ya Bayonne | saa 8 hadi 10 | yuro 65 hadi 150 |
| Madrid, Barajas | basi au treni hadi Pamplona, kisha basi | saa 8 hadi 10 | yuro 50 hadi 90 |
| Bilbao | basi hadi San Sebastián, kuvuka mpaka, treni ya Bayonne | saa 5 hadi 7 | yuro 40 hivi |

Ukisoma safu ya mwisho peke yake utadhani mashindano yameisha. Lakini hakuna ndege inayotoka Afrika Mashariki moja kwa moja hadi Biarritz. Zile saa mbili za Biarritz zina saa nyingine nyuma yake: kuunganisha ndege, kubadilisha jengo, pengine hata kuhama uwanja kabisa.

Paris: rahisi kufika, kazi kuondoka

Paris ina ndege nyingi kutoka kwetu. Kenya Airways na Air France huenda moja kwa moja kutoka Nairobi, RwandAir kutoka Kigali, na Ethiopian kupitia Addis Ababa. Anayetoka Muscat au Doha naye hapati shida. Ndiyo maana wengi huikimbilia.

Sasa uko Charles de Gaulle, kaskazini-mashariki mwa jiji, na treni ya kwenda Bayonne inaondokea stesheni ya Montparnasse, kusini. Si Gare du Nord, si Gare de Lyon. Unapanda RER B hadi Denfert-Rochereau, unahamia metro namba 4 au namba 6, unashuka Montparnasse-Bienvenüe. Tiketi ya uwanja wa ndege, iliyokuwa yuro 13 mwaka 2025, inakufikisha hadi mwisho ikiwa ni pamoja na metro, kwa hiyo usinunue nyingine katikati. Safari hiyo huchukua saa moja na robo, ukiwa na begi mgongoni na watu wamekubana. RER B ina wezi wa mifukoni wenye mikono myepesi. Pasipoti na simu ziwe mbele ya mwili.

TGV yenyewe ni raha. Tangu reli ya kasi ilipofika Bordeaux mwaka 2017, Paris hadi Bayonne ni kama saa nne bila kubadilisha treni. Ila tiketi yake haifanani na ya basi la Arusha, kwamba ukichelewa unapanda linalofuata. Imefungwa na treni moja tu, ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Ikikuacha, unanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo, na bei ya siku hiyo inaweza kuwa mara tatu ya uliyolipa miezi miwili nyuma.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu na saa. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zilianza kuandikisha alama za vidole na picha za wageni mpakani kwa mfumo mpya, na foleni ya anayeingia mara ya kwanza haitabiriki. Weka angalau saa nne kati ya ndege kutua na TGV kuondoka. Tano ni bora. Ukifika mapema utakunywa kahawa ya bei mbaya Montparnasse, basi. Ukikata inayoondoka saa mbili na nusu tu baada ya kutua kwa sababu ilikuwa nafuu kwa yuro 20, umecheza kamari.

Migomo nayo ipo. Wafanyakazi wa reli Ufaransa hugoma na hutangaza mapema, kwa hiyo wiki ya safari soma habari za SNCF.

Kuna namna nyingine ya kutumia Paris: kununua tiketi moja ya ndege inayoishia Biarritz. Nairobi–Paris–Biarritz kwa Air France, kwa mfano, ukiwa na nambari moja ya kuhifadhi nafasi. Ni ghali kuliko Nairobi–Paris peke yake, lakini ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine, na begi lako linapelekwa hadi mwisho. Kwa mzee, au kwa mtu ambaye hajawahi kutoka Afrika, ningelipa tofauti hiyo bila kujadili. Kagua jambo moja tu: ndege ya Biarritz inaondoka Charles de Gaulle au Orly, uwanja mwingine wa Paris? Ikiwa Orly, itabidi utoke, uchukue mzigo na uvuke jiji lote. Metro namba 14 inafika Orly tangu Juni 2024, kwa hiyo si balaa kama zamani, lakini bado ni nusu siku.

Biarritz, na ni ya nani hasa

Biarritz inamfaa sana Mswahili anayeishi Ulaya. Aliyeko London, Manchester au mji mmojawapo wa Ujerumani hupata ndege za bei nafuu za msimu, na uwanja wenyewe ni mdogo: unatoka nje, unapanda basi la mjini, na nusu saa baadaye uko stesheni ya Bayonne. Kumbuka tu kwamba kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi London bado anahitaji viza. Aliye na kibali cha kuishi Ujerumani au Uholanzi hahitaji.

Ukitua baada ya treni ya mwisho, una gari dogo la kuchangia au teksi. Express Bourricot ya Saint-Jean, ambayo pia hubeba mabegi ya mahujaji njiani, huchukua watu kutoka uwanjani kwa miadi. Mkiwa wengi, kila mmoja analipa kidogo. Teksi ya kawaida ni zaidi ya yuro 100. Watu wanne wakichangia inakuwa hesabu nzuri, mmoja peke yake bora alale Bayonne.

Tena kulala Bayonne si adhabu. Stesheni iko mtaa wa Saint-Esprit, ng'ambo ya mto Adour, ukivuka daraja unaingia mji wa kale wenye kanisa kuu la Sainte-Marie. Asubuhi unapanda treni ya kwanza, unaingia Saint-Jean mapema, unakwenda ofisi ya mahujaji namba 39 rue de la Citadelle kuchukua kijitabu cha hujaji kinachogongwa mihuri njiani na kuuliza hali ya hewa mlimani, na unabaki na mchana mzima wa kupumzika.

Mchana huo si anasa. Siku ya kwanza ya kutembea ni kilomita 25 hivi hadi Roncesvalles, kutoka mita 170 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,400 kabla ya kushuka. Mtu wa Nairobi asiogope kimo chenyewe, kwao ni juu kuliko hapo. Kinachoua ni kupanda bila kupumzika, na mwili uliokesha kwenye ndege mbili haupandi. Anayekuuzia ratiba ya kutua asubuhi, kufika jioni na kuanza kupanda alfajiri, muulize kama yeye mwenyewe ataitembea.

Madrid, kwa sababu ya kurudi

Kwenye ramani Madrid inaonekana chaguo la ajabu: iko mbali, iko nchi nyingine, na inakulazimu uvuke mpaka kwenda Ufaransa ili uanze kutembea kurudi Hispania. Hata hivyo, kwa anayetoka Afrika Mashariki kati ya Mei na Septemba, ndiyo ninayoiweka mbele.

Sababu ni kwamba safari haiishii Saint-Jean. Inaishia Santiago de Compostela, upande wa pili wa Hispania. Tiketi ya kwenda na kurudi kwa uwanja mmoja mara nyingi huwa nafuu kuliko ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Aliyeingilia Paris atalazimika kutoka Santiago arudi Paris, kwa ndege nyingine yenye masharti yake ya mizigo. Aliyeingilia Madrid anapanda treni Santiago na baada ya saa tatu na kitu yuko Madrid. Ukijumlisha safari nzima, kwenda na kurudi, ule unafuu wa Paris huyeyuka.

Ndege zipo: Ethiopian, Qatar, Emirates na Turkish zote hufika Madrid, kila moja kupitia kwao. Epuka tu ratiba inayokupitisha London kabla hujasoma masharti ya viza ya kupita. Kwa kawaida wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanaihitaji hata kama hawatoki nje ya uwanja.

Kutoka Barajas kwenda Pamplona una basi na treni. Basi la moja kwa moja huondokea jengo la T4. Ukitua T1, kuna basi la bure la uwanja linalozunguka majengo yote, mchana na usiku, na lipe muda wake kwenye hesabu. Basi la Pamplona huchukua kati ya saa tano na sita. Treni ni ya haraka zaidi, kati ya saa tatu na nne, lakini haitoki uwanjani: unapanda kwanza treni ya mjini, Cercanías, kutoka T4 hadi Atocha au Chamartín kulingana na tiketi yako. Ukiweka kusubiri na kuhama, basi na treni hukaribiana. Mimi ningechukua basi. Unaweka begi chini mara moja, unalala, unaamshwa Pamplona. Aliyekesha angani hahitaji kuhama mara mbili zaidi.

Lala Pamplona, kisha asubuhi au mchana panda basi la Saint-Jean. Siku tatu baadaye, kwa mwendo wa kawaida, utarudi Pamplona hiyo hiyo kwa miguu, na wengine hutumia nafasi hiyo kuacha hotelini vitu ambavyo hawakupaswa kuvibeba. Tahadhari moja: tarehe 6 hadi 14 Julai ni sikukuu ya San Fermín, ile ya kukimbizana na mafahali mitaani. Vyumba huisha na bei hupaa mno. Ukipanga kufika siku hizo, pitia Bayonne.

Madrid ina faida nyingine ambayo watu huikumbuka mambo yakishaharibika. Kama ndege imechelewa siku nzima na basi la Saint-Jean limekupita, Pamplona ina basi la Roncesvalles, la kampuni ya Artieda, linalochukua kama saa moja. Unaanzia huko. Kibao cha barabarani pale Roncesvalles kimeandikwa Santiago, kilomita 790, na ni barabara ya magari inayohesabiwa hapo, si njia ya miguu. Utakuwa umekosa siku ya Pirenei, siku nzuri na ngumu kuliko zote za mwanzo, lakini Wahispania wenyewe wengi huanzia hapo tangu zamani na cheti cha Compostela, anachopewa anayemaliza hija, hakijali. Aliyekwama Paris hana njia ya mkato kama hiyo.

Watakaovuka mpaka kwa basi wasiweke pasipoti kwenye begi linalokaa chini. Hispania na Ufaransa zote ni Schengen, viza ya kuingia mara moja inatosha, na hakuna muhuri utakaogongwa. Lakini Ufaransa ilirudisha ukaguzi mipakani mwaka 2015 na polisi huingia kwenye mabasi na treni, hasa upande wa Irun na Hendaye. Abiria mwenye sura ya Kiafrika huulizwa karatasi upesi kuliko jirani yake. Ni vizuri ulijue hilo mapema, uwe na pasipoti na tiketi ya kurudi mkononi, na uendelee na safari yako.

Bilbao

Bilbao haitajwi sana na inastahili kutajwa. Turkish hufika huko kutoka Istanbul, na Istanbul inaunganishwa na Dar es Salaam, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali. Uwanja si mkubwa, na basi la PESA huondoka hapo hapo nje kwenda San Sebastián, saa moja na robo. Kutoka San Sebastián kuna treni ndogo ya Euskotren, watu huiita Topo, inayovuka hadi Hendaye kwa nauli ya chai na maandazi. Hendaye unapanda TER ya Ufaransa hadi Bayonne, na Bayonne treni ya Saint-Jean. Vyombo vinne, lakini vifupi, na kila kimoja ukikikosa kingine kinakuja, isipokuwa kile cha mwisho.

Ni njia nzuri ya majira ya baridi, basi la Pamplona likiwa halipo. Kwa kundi la watu kumi na tano wenye mabegi, hapana. Kundi hilo likodi basi dogo kutoka Bilbao hadi Saint-Jean.

Viza inaingia wapi

Inaingia kwenye uchaguzi wa uwanja kwa namna moja. Maombi ya Schengen hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, si ile utakayotua kwanza. Kwa Camino Francés hiyo ni Hispania, hata kama unatua Paris na kuanzia Ufaransa. Ukitua Madrid, karatasi zako zinajieleza zenyewe. Ukitua Paris, andika ratiba inayoonyesha usiku mmoja au miwili Ufaransa na zaidi ya thelathini Hispania, ili ofisa wa uhamiaji akikuuliza kwa nini una viza ya Hispania umuonyeshe. Bima ya safari ya angalau yuro 30,000 ni sharti vyovyote iwavyo, na ukaaji wote usizidi siku 90.

Wanaotaka kupita Lourdes

Vikundi vya parokia mara nyingi huunganisha hija mbili. Hapo hesabu inabadilika na Paris inashinda, kwa sababu TGV za Lourdes nazo huondokea Montparnasse, na kutoka Lourdes hadi Bayonne ni treni ya kama saa mbili kupitia Pau. Wakae Lourdes siku mbili tatu, mwili uzoee, ndipo waende Saint-Jean. Kwao ule mwendo mrefu wa Paris unakuwa umegawanywa, wala hauumizi.

Na mwenye likizo ya wiki mbili?

Huyo asihangaike na Saint-Jean. Njia nzima inataka siku thelathini na zaidi za kutembea. Cheti cha Compostela hutolewa kwa aliyetembea angalau kilomita 100 za mwisho, na ndiyo maana umati mkubwa huanzia Sarria, kilomita 115 hivi kabla ya Santiago. Kwenda Sarria unatua Santiago, unapanda basi hadi Lugo, kisha basi jingine fupi hadi Sarria. Au unatua Madrid na kupanda treni kupitia Ourense. Santiago ni rahisi kwa anayetoka Ulaya, Madrid kwa anayetoka kwetu. Njia hiyo ina watu wengi mno majira ya joto, na kitanda cha jioni kinagombewa kama kiti cha daladala.

Chaguo langu kwa wiki mbili ni kuanzia Porto, Ureno, kwenye tawi jingine la njia ya kwenda Santiago. Hapa suala la kutoka uwanjani hadi mwanzo wa njia linaisha kabisa. Metro namba E inaondokea ndani ya uwanja, unashuka Trindade, unabadilisha hadi São Bento, na kwa miguu unapanda hadi kanisa kuu la Sé ambako mshale wa kwanza wa njano wa kuonyesha njia unakungoja. Chini ya saa moja, kwa nauli ya yuro chache. Turkish hufika Porto, na mashirika mengine kupitia Lisbon. Kutoka pale ni kilomita 240 hivi kwa njia ya kati, siku kumi hadi kumi na mbili, na ile ya pwani ni ndefu kidogo. Wanaofuata pwani wengine hushuka Matosinhos kwa metro ili kuruka kilomita za mwanzo za mjini.

Mizigo na tarehe

Fimbo za kutembelea kwa kawaida haziruhusiwi ndani ya ndege. Kama huna begi la kuweka chini, nunua Saint-Jean: maduka ya rue de la Citadelle yanaziuza, pamoja na kila kitu ulichosahau. Viatu vya kutembea vivae miguuni. Kila kitu kingine kikipotea kinanunulika, lakini viatu vilivyokwisha kuzoea mguu wako havinunuliki popote.

Halafu kuna mwaka 2027. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai, itaangukia Jumapili, na kwa hiyo utakuwa Mwaka Mtakatifu wa Santiago, ambao mahujaji huongezeka. Mwaka 2024, ambao haukuwa mtakatifu, ofisi ya mahujaji ilitoa vyeti karibu 500,000. Anayelenga 2027 akate tiketi ya TGV au nafasi ya basi la Pamplona mara tu zinapofunguliwa, na aweke kitanda cha usiku wa kwanza kabla ya hata kuomba viza. Orisson, kibanda cha kupumzikia kilomita nane juu ya Saint-Jean, hujaa mapema hata miaka ya kawaida.